Siku Thelathini za Mzee Eusebio

Koleo lilikuwa limeshauma waya wa Mzee Eusebio aliponiita kutoka kwenye ngazi. "Yudelkis, ngoja kwanza, mwanangu. Ngoja nifike." Alikuwa anapanda, mguu mmoja mzima na mwingine wa kuburuta, na mimi nimechutama juu ya paa la jengo letu katika mtaa wa Santos Suárez, jua la saa nane likinichoma utosi. Niliomba achelewe ili nimalize bila kumtazama usoni. Hakuchelewa.

Mwaka ule mtandao wa mtaa ndio ulikuwa mtandao wetu. Wa serikali ulikuwepo, sikatai: ununue kadi, ukakae kwenye benchi la bustani, na saa yako iishe ukurasa wa kwanza haujafunguka. Kwa hiyo tulivuta waya wenyewe, paa hadi paa, tukasimika antena, tukaunganisha nusu ya Havana. Mimi nilisimamia nyumba arobaini. Na sheria ya kwanza, ambayo hakuna aliyetulazimisha kuitunga, ilisema humu siasa marufuku. Ukilalamikia hata mkate wa mgao, unafungiwa siku thelathini. Tulijiona wajanja kweli. Tukinyamaza, tulidhani, watatuacha.

Halafu ikatangazwa kanuni mpya: waya zisivuke barabara, antena zisizidi nguvu fulani. Maoni yakafurika kila mahali isipokuwa kwenye mtandao wenyewe. Kwenye foleni ya kuku huyu anasema afadhali, waya hizi zitakuja kuua mtu. Yule anasema wanatuonea gere. Mwingine anajipapasa kidevu, ishara yetu ya kuwataja wakubwa bila kuwataja, kisha anageuzia maneno kwenye besiboli. Asubuhi ya siku ile ya koleo, Mzee Eusebio, fundi wa simu mstaafu, akaandika kwenye ukumbi wa maongezi wa mtandao wetu, mbele ya kadamnasi: "Kanuni hii imetungwa na mtu ambaye hajawahi kungoja ukurasa ufunguke."

Mama yangu wee! Hazikupita dakika kumi, Leosdany, msimamizi wetu mkuu, akanipigia. "Mkate huyo mzee. Kesho mkaguzi wa serikali anapita mtaani kwenu. Usipomkata yeye, nawakata nyote arobaini."

Ndicho kilichonipandisha juu ya paa.

"Unanikata kwa sentensi moja?" Mzee aliuliza. Alikuwa anahema, ameegemea tangi la maji.

"Sheria ya kwanza unaijua, mzee wangu."

"Naijua. Na Zoraida?"

Zoraida ni dada yake, aliyekuwa akiishi Guanabacoa, ng'ambo ya ghuba. Kiharusi kilimnyang'anya kauli na upande mzima wa mwili. Simu haikumfaa kitu. Alibakiwa na kidole kimoja cha kuandikia, na kwa kidole hicho kila alasiri alicheza dhumna na kaka yake kupitia waya wangu, akishinda anamsimanga kwa maandishi mpaka Mzee anacheka peke yake na mtaa mzima unamsikia. Kumfikia ni mabasi mawili, na mguu ule. Yote hayo niliyajua.

"Ni siku thelathini tu," nilisema.

"Serikali haijafungua mdomo, Yudelkis. Wewe ndiye umewahi."

Nikakata.

Mkaguzi alikuja kesho yake asubuhi, baba mmoja mpole, shati limelowa jasho. Akapima antena, akaandika, akaniambia niishushe ndani ya mwezi mmoja. Nikajipendekeza, tena bila kuulizwa: nikamwambia aliyeandika yale maneno nimeshamtoa.

"Maneno gani?"

Nikamsomea. Akacheka hadi akavua miwani. "Kweli tupu! Mke wangu kila siku wimbo wake ndio huo. Mimi napima antena, dada. Soga zenu zinanihusu nini?"

Nilitamani paa linimeze. Na hapo ndipo hesabu iliponijia: mwezi mmoja, antena zinashuka, na mtandao wote unakufa nazo. Siku thelathini nilizompa Mzee zilikuwa ndizo zote zilizobaki. Mkaguzi alipokata kona tu, niliunga ule waya bila kumwuliza Leosdany, nikashuka mbio hadi mlangoni kwa Mzee.

Alinifungulia bila salamu, akawasha kompyuta. Ujumbe wa Guanabacoa ukaanza kushuka, wa jana alasiri na wa asubuhi hiyo. "Zamu yako." Chini yake tena, "Zamu yako." Kisha, "Umekasirika?" Kisha, "Eusebio?" Wa mwisho ulikuwa umekosewa herufi: "Nimekoas niini?"

Nilishikwa na aibu. Mzee akanisogezea kiti. "Keti. Mweleze wewe."

Nikaandika kwamba ni mimi, Yudelkis, msimamizi, na kwamba kaka yake yuko hapa, mzima wa afya. Tukangoja. Kidole kile kilikuwa na mwendo wake.

"Alikuwa wapi?"

Ilikuwa ni kuandika tu, nilimkata mimi. Maneno mawili. Lakini Leosdany alikuwa anasoma kila kitu, nyumba arobaini zilikuwa mikononi mwangu, na mimi, niseme ukweli, nilikuwa mwoga tangu siku nyingi. Nikaandika: "Umeme ulikatika huku tangu jana. Umeme wetu wenyewe si unaujua ulivyo."

Mzee Eusebio aliyasoma juu ya bega langu, polepole, mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

"Hayo ni malalamiko, mwanangu," alisema. "Siku thelathini. Panda juu ukajikate."

Kisha akaninyanyua kwenye kiti, akaketi, akacheza kete yake.