Kilima Kilichoitwa Sampuli

"Mama, zima cherehani!"

Nimeingia dukani kwetu, mtaa wa Troyeville, nahema. Teksi ilisimama kwenye robot, taa ya barabarani ikiwa nyekundu, nikashuka hapo hapo nikakimbia. Mama alikuwa anashona gauni la harusi la mtu, pini zimemjaa mdomoni.

"Nimefukuzwa kazi!"

Pini zikatoka zote. "Unafukuzwa na unacheka? Weye mutoto, umelewa?"

"Kaa kwanza, Mama. Ni habari nzuri!"

Ofisi yetu ya wanasheria iko Sandton, na mwezi huu tulikuwa tunaandika kanuni za kisiwa kimoja kidogo, upande wa pili wa dunia. Nchi nzima ingekaa kwenye uwanja mmoja wa mpira na viti vingebaki. Ila chini ya bahari yao kuna mawe meusi kama viazi, yamejaa kobalti, na makampuni yamepanga foleni. Kisiwa kinataka sheria kabla hakijatoa leseni hata moja ya utafutaji. Mimi nikapewa kifungu cha sampuli: kampuni ikija kutafuta tu, ichukue mawe kiasi gani ya kwenda kupima?

Nikaweka kikomo. Ukizidisha, huo ni uchimbaji, leseni yako imekufa.

Bosi wangu Adamu, Mkenya, suti kali, akasoma akacheka. "Angélique, hapa tunaandika 'kiasi kinachohitajika', basi. Ukiwabana wawekezaji, watahamia kisiwa cha jirani. Futa."

Nikafuta. Eish, niko kwenye miezi ya majaribio, ningefanyaje?

Lakini jamani, mimi ni mtoto wa Katanga! Kwetu kampuni ilikuja na ruhusa ya kutafuta tu. Sampuli zao zikawa zinapita mbele ya nyumba kwa malori, kutwa nzima, mpaka sisi watoto tukiona lori lolote tunapiga kelele, "Sampuli hiyo!" Hata lori la bia tuliliita sampuli. Kilima kikaisha, na leseni ya kuchimba hawajaiomba bado.

Sasa leo asubuhi, kwao jioni, kikao cha mtandaoni. Kwenye kioo yuko waziri wa kisiwa, mama mwenye ua sikioni na sauti ya mwalimu mkuu. Akauliza, "Hawa wakija kutafuta, mawe yetu yanaondoka?"

"Sampuli kidogo tu, mheshimiwa," Adamu akasema. "Kiasi kinachohitajika."

"Kinachohitajika na nani?"

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Na wao, mheshimiwa. Rasimu hii haina kikomo. Wanaweza kujaza meli nzima wakaiita sampuli. Kwetu walibeba kilima."

Adamu akanikanyaga chini ya meza. Nikavuta mguu, nikaendelea na malori yangu. Waziri hakucheka hata kidogo.

"Kikomo hukukiandika?"

"Nilikiandika. Kikafutwa."

"Kisome."

Nilikuwa nacho kichwani chote. Nikakisoma polepole, katibu wake akawa anaandika, mwisho tukapeana na namba za simu. Kimeingia, Mama! Na waziri amesema bila hicho hasaini kitu!

Adamu alinisubiri kwenye lifti. "Umeniaibisha mbele ya mteja. Jumatatu usije."

"Sawa, kaka. Ila mteja wetu ni kisiwa. Wewe ulikuwa unamtetea nani?"

Mama alikuwa ameinama anaokota pini. Nikajua sasa nagombezwa.

"Kazi ingine utapata wapi?"

"Sijui. Nitatafuta. Wakiniuliza hii iliishaje, nitawaambia hivi hivi. Anayeogopa asiniajiri."

"Na kaburi uliwaambia?"

"Kaburi gani?"

"Kwa ile kilima ndio tulizika baba yangu." Akaweka pini mezani, moja moja. "Walimubeba naye. Tulienda kuuliza, wakatujibu ile yote ni sampuli."

Hilo sijawahi kulisikia. Kicheko chote kikaniisha.

"Pigia ule katibu," Mama akasema. "Nataka kusema mwenyewe. Waandike na makaburi."

"Mama, kule sasa hivi ni usiku. Wamelala."

"Waamuke."