Kanzu Iliyokatiwa Jela

Ujumbe wa Faki ulimfikia mkewe siku ya Jumatano, kwa mdomo wa mtu aliyeachiliwa jela asubuhi ileile. Ulikuwa mfupi. Kibibi auze cherehani, afunge duka, apande gari la moshi aende kwa mama yake Mombasa, akae huko mpaka kifungo kiishe. Kibibi alimsikiliza yule mtu hadi mwisho, akampa chai na kipande cha mkate wa mofa, akamshukuru kwa kujisumbua. Alipokwisha kutoka, Kibibi alirudi kwenye cherehani akamalizia mshono aliouacha nusu.

Hakuwa mwanamke wa kumpuuza mumewe. Ila alijua kwamba neno linalosemwa na mtu mwenye huzuni si lazima litimizwe kabla huzuni haijapoa.

Ulikuwa mwaka wa 1954, Hali ya Hatari imepamba moto, na Nairobi nzima watu walikuwa wakiulizana karatasi kabla ya kuulizana hali. Faki alikuwa fundi wa kanzu pale Majengo, Pumwani, na mtu aliyemshonea vifungo kwa miaka sita alikuwa Mkikuyu aitwaye Wachira. Msako mkubwa ulipopita mwezi wa Aprili, karatasi za Wachira zilionekana hazitoshi. Akaomba kulala nyuma ya marobota ya nguo siku mbili tatu, mpaka apate njia ya kwenda kwao. Alfajiri ya siku ya tatu askari waligonga mlango. Wachira alipandishwa lori kuelekea kambi ya kizuizini, na Faki akafikishwa kortini kwa kosa la kumficha.

Hakimu alimuuliza kama aliijua sheria.

"Niliijua," Faki alijibu. "Lakini na yeye nilimjua."

Akapewa miezi sita. Kibibi alikuwa amekaa benchi la nyuma, na maneno yale aliyabeba moyoni kama mtu anavyobeba cheti. Hakuona sababu ya kutembea mjini ameinamisha uso.

Duka alilifungua wiki ileile. Kushona alijua, darizi ya kofia na ya shingo za kanzu ilikuwa kazi yake tangu aolewe, na mkono wake kwenye hariri ulikuwa mwepesi kuliko wa Faki, jambo ambalo Faki mwenyewe alilikiri siku akiwa na furaha. Asichokijua kilikuwa kukata. Faki alikuwa akikata peke yake, mapema, mlango umerudishwa, naye hakupenda kutazamwa. Kwa hiyo Kibibi alipokea marekebisho, mapindo, foronya na viraka, akangoja.

Ndipo alipokuja Bi Ruqiyo kutoka Eastleigh.

Bi Ruqiyo alikuwa na duka la vitambaa la jumla, mama wa Kisomali mwenye sauti ya chini na macho yasiyopepesa. Mwanawe Yonis alikuwa anaoa binti wa Majengo, na watu wa upande wa bibi arusi walitaka kumwona bwana arusi ndani ya kanzu iliyoshonwa Pumwani. Akaweka mezani hariri ya rangi ya maziwa, yadi nne kamili, iliyoletwa kutoka Adeni.

"Hakuna nyingine kama hii," alisema. "Arusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nasikia fundi hayupo. Kama huwezi niambie sasa, nimpelekee mwingine."

Kibibi aliishika ile hariri kwa vidole viwili. Akajua kwamba akisema hapana leo, kesho jina la duka litakuwa limehamia mtaa mwingine.

"Niachie," alisema. "Nami niletee vipimo vya kijana."

Usiku wa Ijumaa na mchana wa Jumamosi aliipima hariri ile juu ya mkeka mara tatu. Kila mara kitambaa kilimwishia kabla ya taharizi, vile vipande virefu vya ubavuni vinavyoipa kanzu upana wake wa chini. Hakuthubutu kugusa makasi. Lakini Jumapili ilikuwa siku yake ya kumwona Faki, siku moja kwa mwezi, dakika kumi. Alioga, akavaa buibui, akajivika shingoni ile futi ya kupimia kama alivyozoea kila asubuhi, akatoka. Alivuka reli, akapita nyuma ya viwanda vilivyolala kwa kuwa ni Jumapili, akafika langoni kabla jua halijawa kali. Askari wa lango alimpekua kikapu, akatazama futi ile inayoning'inia, akaona ni kitambaa chenye namba, akampisha.

Chumba cha wageni kiligawanywa kwa waya mnene kutoka sakafuni hadi darini. Sheria zilikuwa tatu: Kiswahili tu, sauti ya kusikika, na saa ya ukutani ndiyo yenye kauli. Sajini mmoja mrefu, mtu wa kutoka upande wa ziwa, alikuwa akitembea nyuma ya wageni akisikiliza.

Faki aliletwa pamoja na wenzake watano. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, shati la jela limemkaa kama gunia, na viganja vyake, vilivyozoea sindano, vilikuwa vimechubuka kwa kupasua mawe.

"Ujumbe wangu ulifika?" aliuliza baada ya salamu.

"Ulifika."

"Cherehani amechukua nani?"

"Haijakwenda popote. Ipo mahali pake, na jana nimeitia mafuta."

Faki aliinamisha kichwa. "Kibibi, duka halina fundi. Watu watasema nimemwacha mke wangu barazani afanye kazi ya kiume. Nenda kwa mama."

"Nikienda kwa mama, ukitoka hapa utarudi wapi?"

Faki alishika waya kwa viganja vyote viwili.

"Tumebakiwa na dakika nane, bwana wangu, nami sikuja kubishana," Kibibi alisema. "Nina hariri ya Bi Ruqiyo, yadi nne, upana inchi thelathini na sita. Ni kanzu ya arusi ya mwanawe. Kijana ni hamsini na nane kutoka bega hadi kifundo cha mguu, mwembamba, mabega mapana. Nimepima mara tatu na kila mara taharizi hazitoki. Niambie nakosea wapi."

Faki alinyanyua uso. Alionekana kama mtu aliyeamshwa, hajui kama akasirike au aitike.

"Umekwisha kata?" aliuliza.

"Bado."

"Usikate. Badani, mbele na nyuma, umeipa upana gani?"

"Ishirini na sita."

"Ndiyo maana," alisema, na sauti yake ikabadilika. "Mwembamba huyo, ishirini zinamtosha. Kanzu haitafuti upana kifuani, inautafuta chini. Ukiipa badani ishirini, ubavuni utabakiwa na ukanda wa inchi kumi na sita kwa urefu wote wa nguo. Humo ndimo taharizi zako zilimo."

"Na mikono?"

"Mikono inatoka kwenye kipande cha mwisho. Sikiliza. Shingo ndiyo inayoogopesha watu. Usiogope. Kata shingo vidole vitatu, basi. Ikimbana utaongeza, lakini ukizidisha hairudi. Ukishakata shingo, shuka kwapani—"

"Nyamazeni nyinyi wawili." Sajini alikuwa amesimama nyuma ya Kibibi. "Shingo ya nani inakatwa?"

Wageni wote waligeuka. Mwaka ule watu walikuwa wamekwenda kambini kwa maneno madogo kuliko hayo. Lakini Kibibi alikuwa amekuja kazini, na mtu aliye kazini huwa na jibu.

"Ya kanzu, afande."

"Na hizi namba? Hamsini na nane, ishirini, vidole vitatu. Mnapanga nini?"

"Ni vipimo. Huyu ni fundi, nami nina nguo ya arusi."

"Hapa ndani kila mtu ni fundi wa kitu," sajini alisema, na mkono wake ukaenda kwenye filimbi.

Kibibi alivua ile futi shingoni, akamnyooshea kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa.

"Usitusadiki kwa maneno, afande. Muulize bega lako lina inchi ngapi. Hajakugusa wala hajakupima. Akikosea, tuandike sote wawili."

Sajini alimtazama mwanamke huyu, kisha akamtazama mfungwa. Faki alikuwa amejinyoosha. Alimwangalia sajini kwa utulivu, kuanzia shingoni, akashuka mabegani, akafuata mkono mmoja hadi kwenye kifundo cha kiganja, kisha wa pili, vilevile alivyokuwa akimwangalia mteja anapoingia dukani kabla hajamkaribisha kiti.

"Bega kwa bega, kumi na tisa na nusu," alisema. "Mkono wa kushoto umeuzidi wa kulia kwa nusu inchi. Na shati hilo lilikatwa kwa ajili ya mtu mwingine. Ukinyanyua mkono linakuvuta kwapani."

Askari wa mlangoni aliitwa aje kushika futi. Alipima bega, akasoma, akapima tena.

"Kumi na tisa na nusu, afande."

Wakapima mikono. Wa kushoto ulikuwa umezidi nusu inchi. Sajini aliitazama mikono yake miwili kana kwamba amekabidhiwa siku hiyo.

"Miaka yote shati linanivuta hapa," alisema kwa sauti ya chini, akigusa kwapa. "Nikirudisha stoo wananiambia mimi ndiyo niko vibaya."

"Huna ubaya wowote," Faki alisema. "Waongeze kikwapa, kipande cha inchi tatu tu."

Sajini alimrudishia Kibibi futi yake. "Endeleeni," alisema. "Lakini hiyo habari ya shingo, semeni polepole."

Mshale wa saa ulikuwa umekwisha kufika kwenye dakika ya kumi. Sajini hakuutazama. Alikwenda hadi mwisho wa chumba, akaanza kumhoji mgeni mwingine habari za kikapu chake, na maswali yake yalikuwa marefu.

Faki alichora kwa ukucha juu ya waya. Alimwonyesha Kibibi namna ya kuukunja ule ukanda, uso kwa uso, kabla ya kuukata hanamu, yaani mshazari, kwa sababu ukikatwa bila kukunjwa taharizi zote hutoka za upande mmoja. Juu aache vidole vinne, asikate pembe kwa pembe. Kibibi alirudia kila neno. Alipokosea, Faki alimrudisha nyuma, na alipopatia, Faki aliitikia kwa kichwa tu, akaendelea.

"Kata asubuhi," alisema mwishoni, "nawe umekula. Usikate na njaa. Na makasi yakishaanza, usisite. Ukisita, hariri inakujua."

Habari ya kwenda kwa mama hakuitaja tena. Sajini aliporudi, waliagana kwa macho.

Njia nzima Kibibi alikwenda akinong'ona: ishirini, vidole vitatu, uso kwa uso, vidole vinne. Waliompita walidhani anavuta uradi, na wengine walimpisha kwa heshima.

Jumatatu alikunywa uji, akala mahamri mawili, akarudisha mlango, akakata. Makasi yaliingia kwenye hariri kwa sauti ndogo ya kukwaruza, naye hakusita. Taharizi zilitoka nne, jozi mbili zinazotazamana. Alizipanga juu ya mkeka, akakaa kitako, akacheka peke yake. Kosa lilikuwa moja: kikwapa cha kulia alikikata kifupi, ikabidi akiunge kwa kipande kidogo kama ukucha. Kilifichika chini ya mkono, na siri hiyo aliijua yeye na Mola wake. Tangu Jumanne hadi Alhamisi alitia darizi ya shingo, na hapo hakuhitaji mwalimu.

Bi Ruqiyo alikuja Ijumaa baada ya sala. Hakuanza na uso wa nguo. Aliigeuza ndani nje, kama wafanyabiashara wanavyofanya, akapitisha kidole kwenye kila mshono, taratibu.

"Nani aliyekata?" aliuliza.

"Mume wangu."

"Mume wako yuko jela."

"Ndiyo. Alikata akiwa hukohuko. Mimi nilishika makasi tu."

Bi Ruqiyo aliikunja kanzu ile kwa uangalifu mkubwa. "Basi msalimie," alisema. "Na wiki ijayo nitakuletea ya baba yake Yonis."

Kutoka Eastleigh walianza kuja mmoja mmoja, kisha wawili wawili. Kule jela nako, neno la sajini lilifika mahali. Mwezi uliofuata Kibibi alimkuta Faki hapasui mawe tena. Alikuwa amewekwa kwenye chumba cha mafundi, akishona sare. Alikuwa amenenepa kidogo, na dakika kumi zile walizitumia kubishania mikono ya kanzu ya mtu mnene.

Faki alitoka mwezi wa Novemba. Alilala siku mbili. Siku ya tatu alimwandikia barua Wachira, kambini, hakujua kama ingefika, akaipeleka posta mwenyewe. Kisha akaja dukani, akasimama nyuma ya Kibibi, aliyekuwa akikata kitambaa cheupe, mlango wazi na watu wakipita.

"Hiyo taharizi sikukufundisha hivyo," Faki alisema.

"Ile ya jela tuliifanya kwa haraka," Kibibi alijibu bila kugeuka. "Hii nimeifikiria miezi mitatu. Inaokoa robo yadi."

Faki alikichukua kile kipande, akatoka nacho barazani penye mwanga, akakigeuza huku na huku. Alikaa nje kwa kitambo. Aliporudi alivuta kigoda, akaketi karibu na mkeka.

"Hebu anza tena," alisema. "Polepole, nione."