Mzee Epuyo na Muuza Maziwa wa Kakuma

Shamis alipopata habari kwamba Mzee Epuyo amefariki na anazikwa siku hiyo, aliwaambia wateja wake wa Kakuma kwamba leo hakuna maziwa, akapanda gari la Lodwar. Kufikia saa nane mchana alikuwa ameketi na wanawake uani kwa marehemu, buibui lake limejaa vumbi la njiani.

Mzee aliishi miaka tisini na mmoja. Katekista alisoma maisha yake: ujanani alipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, akarudi salama, akafanya kazi miaka thelathini na mitatu katika kiwanda cha maziwa huko Eldoret, ndipo akastaafu na kurejea Turkana, akaishi Kakuma kabla ya kuhamia Lodwar. Kisha akauliza kama kuna mwenye neno.

Shamis hakuwa amewahi kuhutubia watu maishani mwake. Akajikuta amesimama.

"Ejok," alisalimu kwa Kiturkana, nao wakaitikia. "Mimi ni Mama Ayaan. Nilifika Kakuma mwaka wa tisini na mbili, mtoto mgongoni, nikaanza kuuza maziwa ya ngamia. Watu wakaumwa matumbo. Nikaitwa muuza sumu. Hata Wasomali wenzangu walinipita kama hawanioni."

Alijifunga buibui vizuri, akaendelea.

"Siku ya nne akaja mzee mmoja amenyooka kama mkuki. Hakunijua, sikumjua. Aliinamia mtungi wangu wa plastiki, akanusa, akasema, 'Mama, maziwa yako hayana kosa. Mtungi ndio mgonjwa.' Kesho yake aliniletea debe lake la alumini. Akanifundisha kulisugua, kuliosha kwa maji yanayochemka, kulianika juani. Mwezi mzima alikuja kila asubuhi kulikagua, na likiwa na harufu, ananirudisha nilioshe upya! Mwisho akasimama sokoni, akanywa vikombe viwili watu wakimtazama, akawaambia, 'Nikifa, msinunue.'"

Watu waliangua kicheko katikati ya machozi.

"Hakufa. Watoto wangu watatu wamesoma kwa maziwa hayo. Mungu amrehemu."

Baada ya mazishi, Pascaline, binti wa marehemu, alimwita kando, akamkalisha kwenye viti vya wanafamilia.

"Mama Ayaan, baba aliwahi kukuambia kwa nini alikusaidia?"

"Nilimuuliza mara nyingi. Alikuwa akinijibu, 'Chemsha maji, wacha maswali.'"

Pascaline alitabasamu. "Huko Burma alikunywa maji machafu, akaharisha damu mpaka akashindwa kutembea. Wenzake walimwona ni wa kufa tu. Koplo mmoja Msomali, Abdiweli, alimbeba mgongoni siku mbili hadi kwa daktari. Vita vilipoisha, baba alimtafuta asimpate. Siku alipokukuta wewe Kakuma, alirudi nyumbani akatuambia, 'Leo nimemwona mama Msomali sokoni, amekaa peke yake, na wa kumsaidia hayupo.'"

Miaka yote hiyo Shamis alidhani ni bahati yake tu.

"Nipeleke tena kaburini," alisema.

Walikwenda wawili, jua likiwa bado kali. Shamis alisimama kando ya udongo mbichi, akainua mikono, akawaombea wote wawili: mzee aliyemjua, na yule koplo ambaye hakuwahi kumwona.