Maji ya Baraka Ndani ya Silinda

Kila Jumapili, bukari, ugali wa kwao, inaposongwa, Nday huuandaa msumeno wake kwa kazi ya Jumatatu. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba ile ya orofa ya pili, Saint-Gilles, mtaa wa Brussels, tangu alipoanza kukata miti: mke jikoni na mwiko, mume kwenye roshani na msumeno wa mashine miguuni, anapitisha tupa kwenye meno ya mnyororo, jino baada ya jino, huku akipiga mluzi. Akimaliza kunoa huvuta kamba ya kuwashia taratibu, swichi ikiwa imezimwa, asikie tu kama injini inazunguka. Kuiwasha hathubutu. Mwenye nyumba anakaa chini, na amekwisha kuapa kwamba siku atakaposikia injini Jumapili, watatafuta pengine pa kukaa.

Jumapili ile Alphonsine alisikia kamba ikivutwa, kisha ikagoma katikati. Ikavutwa tena. Mluzi ukakatika. Mwiko ulimganda mkononi, maana yeye peke yake alijua kilichoupata ule msumeno, na tangu jana alikuwa anajidanganya kwamba kitu kikiachwa kitakauka chenyewe.

"Mama Anaïs!"

"Papa?"

"Kuyako hapa."

Alimkuta mumewe amefungua plagi na kuuinamisha msumeno juu ya bakuli. Kutoka kwenye tundu la plagi yalikuwa yanatoka maji, si petroli, maji kabisa, na yalivyotoka yakaendelea kutoka.

"Angalia," Nday alisema kwa sauti ya chini, na hiyo sauti ya chini ndiyo aliyoiogopa Alphonsine kuliko kelele. "Silinda yote ni maji. Mvua ilinyesha hapa?"

"Apana."

"Donc, hii maji iliingia namna gani mu moteur?"

Alphonsine alirudi jikoni, akazima moto chini ya bukari iliyokuwa bado mbichi, akarudi, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kama ni kusema, basi aseme ameketi.

Jana, Nday alipokwenda kununua plagi mpya, aliuacha msumeno wazi juu ya gazeti: plagi imetolewa, chujio la hewa limetolewa. Huko nyuma ya ua, katika gereji kuukuu ambayo Pasta Polycarpe ameigeuza kanisa, ilikuwa siku ya kubariki vyombo vya kazi. Wenye teksi walileta funguo, wanaosafisha maofisi walileta glavu, binti mmoja anayetunza wazee alileta viatu vyake vyeupe. Alphonsine aliuvika msumeno kava la mnyororo, akaufunga kwa kitenge mgongoni kama mtoto, akashuka nao ngazi. Vyombo vyote pasta alivinyunyizia kwa vidole. Alipofika kwenye msumeno, ni Alphonsine aliyemshika mkono wenye jagi.

"Nilimwambia, ongezako, pasta," alisema, akitazama vidole vyake. "Akaongeza. Nikamwambia tena, ongezako. Akamwanga jagi muzima."

Nday alikumbuka kwamba jana, aliporudi, alifunga plagi mpya bila kuchungulia ndani. Mtu asiyekanyaga kanisani hata Pasaka, leo kanisa limemfuata mpaka kwenye silinda.

"Moteur si mutu, Alphonsine! Haibatizwake!"

Akachukua simu na kumpigia Jean-Baptiste, msimamizi wa kampuni ya bustani. Aliongea naye kwa Kifaransa cha adabu, na simu ilikuwa ya zamani, ya kupiga kelele, kwa hiyo Alphonsine alisikia kila neno. Msumeno umeingia maji, je, kampuni ingeweza kumwazima mmoja, kwa kesho tu? Jean-Baptiste alicheka, wala si kwa ubaya. Alimkumbusha kwamba yeye Nday si mfanyakazi wa kampuni. Ni mtu wa kujitegemea, na mtu wa kujitegemea huja na mashine yake. Kesho, huko Ganshoren, kuna miti ya mipopla, mirefu. Mwenye mashine apande, asiye na mashine alale, wengine wapo. Na ile habari ya mkataba, aliongeza, ndiyo kesho hiyo ataangalia nani anastahili.

Nday aliiweka simu chini. Mkataba huo walikuwa wameuzungumzia tangu majira ya kuchipua, wakiwa kitandani, wakiwa mezani. Mwenye mkataba ana bima. Asiye na mkataba akianguka, ameanguka na mambo yake.

"Unaona kenye ulifanya?" alisema.

Ndipo Alphonsine alipoinua uso. Hakuwa amepanga kulia, na machozi yenyewe yalimuudhi.

"Kabamba, mwenzako wa kazi, aliangukaka mu muti, si balisema njo mambo yake? Mugongo imevunjika, hata kumwangalia hospitali hawakuyaka. Bon. Na weye unapandaka kila siku na ile kamba yako. Hauna bima, hauna assurance. Nilienda kukutafutia moja. Sikuwa na ingine ya kukupa, Papa Anaïs. Njo ile tu nilikuwa nayo."

Nday aliiweka bisibisi chini. Baadaye Alphonsine angekumbuka kwamba hakusema pole wala asante, bali alivuta gazeti, akalitandaza vizuri, na kumwambia asogee.

"Shika hapa. Na usilie juu ya kabureta, maji imetosha."

Alphonsine akacheka. Hakutaka, lakini akacheka.

Basi wakaanza kazi. Nday alimwaga petroli yote ya kwenye tangi, maana nayo ilikuwa imeingiliwa na maji. Aliugeuza msumeno kichwa chini, akamwambia mkewe avute kamba polepole, na kila alipovuta, tundu la plagi likatema maji ndani ya bakuli. Wakavuta hadi likatema hewa tupu. Akafungua kabureta, akaitenganisha vipande, akaviosha kwa spiriti na kuvipuliza kimoja kimoja, mashavu yamevimba. Alphonsine alishika skrubu kwenye kiganja, akiogopa hata kupiga chafya. Ndani ya silinda kutu ilikuwa imeanza kujipaka, nyembamba, rangi ya chai. Nday aliipangusa kwa kitambaa chenye oili akinong'ona nayo kama anamtuliza mgonjwa.

"Shida ni bintu ya umeme," alisema. "Maji imejificha humo. Inaomba jua siku mbili." Wote wawili walitazama mbingu ya Brussels, iliyokuwa na rangi ya sufuria.

"Ngojako," Alphonsine alisema.

Yeye husuka watu nywele pale sebuleni, na kwenye kona ana mashine ya saluni ya kukaushia, ile ya kofia kubwa inayomfunika mteja kichwa kizima. Aliisogeza hadi dirishani, akafungua dirisha lote harufu itoke, akauweka msumeno juu ya kiti cha wateja, akauteremshia kofia na kuiwasha kwa joto la chini. Wakakaa kuutazama ukiwa pale, umeketi kwa heshima zake.

"Atasuka rasta ao tresse ya kawaida?" Nday aliuliza.

"Huyu? Huyu hana hata nywele, ana meno tu."

Walikula bukari yao iliyovurugika, na sombe ya majani ya muhogo, wakichota sahani moja, na mara kwa mara mmoja aliinuka kwenda kuupapasa mteja kama amekauka. Ilikuwa zamani tangu washinde Jumapili pamoja hivyo.

Jioni waliurudishia kila kitu, plagi iliyokaushwa, chujio, petroli mpya yenye oili. Kilichobaki ni kuuwasha, na msumeno ambao haujawashwa haujapona. Lakini mwenye nyumba alikuwa chini, na televisheni yake ilisikika ukutani.

"Saa ya ibada inakaribia," Alphonsine alisema. "Anaïs anaimba leo. Batapiga ngoma mpaka kioo zitetemeke."

Kwa miaka Nday alikuwa amezilaani ngoma zile. Jioni hiyo alisimama uani na msumeno mikononi, amezisubiri kama mtu anavyosubiri tramu ya mwisho. Binti yao alianzisha wimbo, kwaya ikamdaka, ngoma zikaingia na spika zikapasuka kwa kelele. Nday akavuta. Kimya. Akavuta tena. Msumeno ulikohoa moshi mweupe, ukazima. Mara ya tatu ukakohoa, ukasitasita, kisha ukaunguruma safi, ukaimba pamoja na kwaya, na Alphonsine akapiga vigelegele ambavyo hakuna aliyeweza kujua ni vya Mungu au vya kabureta.

Dirisha la chini likafunguka.

"C'est quoi, ce moteur?" mwenye nyumba alifoka, akitaka kujua ni injini gani hiyo.

"C'est la prière, monsieur!" Alphonsine alijibu, kwamba ni sala tu, na dirisha likafungwa kwa hasira.

Nday alimpigia Jean-Baptiste akiwa bado ananuka moshi. Mashine imepona, kesho yupo. Msimamizi alifurahi, akasema vizuri sana, aje mapema, apande yeye ile mirefu kabisa. Nday akauliza kuhusu mkataba. Mwaka huu, Jean-Baptiste alisema, ofisi imekataa mikataba mipya. Labda baada ya baridi. Kwa sasa watu waendelee hivyohivyo, wa kujitegemea.

"D'accord, chef," Nday alisema. "Merci."

Alphonsine aliosha sahani, Nday akaufunga msumeno kwenye mfuko wake. Lile bakuli la maji lilikuwa bado roshani. Alphonsine alilichukua kwenda kuyamwaga, akasita, akayatia kwenye chupa ya jamu na kuifunga. Alijiona mjinga, lakini akaifunga.

Asubuhi, mumewe alikuwa amekwisha kuvaa viatu vya kazi, kamba ya kupandia begani, msumeno mkononi. Alifika mlangoni akasimama.

"Ile maji uliitupa?"

"Maji gani?"

"Ile yenye ilitoka mu silinda."

Alphonsine akaenda kuleta chupa. Maji yalikuwa yameingia wingu la oili juu, yananuka petroli. Nday aliweka msumeno sakafuni, akavua kofia yake ngumu, akainamisha kichwa. Nywele zilikuwa zimeanza kumwota mvi kisogoni, na Alphonsine hakuwahi kuziona kwa karibu hivyo.

"Masini ilishaoga," alisema, akiwa anatazama viatu vyake. "Miye bado."

Alphonsine alichovya vidole viwili, akamnyunyizia kidogo tu juu ya utosi, asije akalowa njiani na baridi hii.

Nday hakuinua kichwa.

"Ongezako," alisema.