Digrii Sita

Msiniangalie hivyo. Mimi Truphosa nilisomea mambo ya maabara, na mwaka 1973 kazi yangu kiwandani Nakuru ilikuwa kupima gundi inayopakwa nyuzi kabla hazijafumwa blanketi. Gundi yenyewe ni unga uliotengenezwa kutokana na pamba; ukishakorogwa majini, nachukua kidogo, natia kwenye mrija wa kioo uliozamishwa katika beseni la maji ya digrii ishirini na tano, nahesabu sekunde gundi ikishuka kutoka alama ya juu hadi ya chini. Isipite mia moja.

Tangu Januari ilikuwa inapita tu. Siku moja, mia na kumi na mbili!

"Odero amezidisha unga tena," akasema meneja, Bwana Navin. Kipkemei, mkorogaji aliyemtangulia, tulimfukuza Machi kwa kosa hilo hilo. "Pima mara ya mwisho. Ikipita, natia sahihi barua ya kumfukuza."

Odero alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Dada, haki ya Mungu nilipima kwa mizani. Nina watoto wanne."

"Saa haina ndugu," nikamjibu kwa ukali, nikapima. Mia na kumi na mbili.

Navin akafungua kalamu. Odero akacheka, kicheko cha mtu aliyekata tamaa. "Basi nirudi Mombasa. Huko hata maharagwe yanaiva upesi. Huku maji yanachemka bure, hayana moto."

Wee! Nikaganda.

Kipimajoto. Kilipokuja kipya Januari, nilikitumbukiza kwenye maji yanayochemka, kikasoma tisini na nne. Nikasema, takataka hii inapunguza sita. Tangu siku hiyo nikawa naongeza sita kwa kila ninachosoma. Kumbe hakikuwa na kosa. Huku kwetu juu maji huchemka kabla ya kufika mia. Beseni langu lilikuwa digrii kumi na tisa, na gundi ikipoa huwa nzito.

"Ngoja, Bwana Navin." Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nilipasha maji mpaka kipimajoto chenyewe kikasoma ishirini na tano, nikapima. Sekunde tisini na saba.

Navin akachana barua. Odero aliketi sakafuni, akajifuta macho kwa kofia.

"Nisamehe," nikamwambia. "Kosa lilikuwa langu."

Akasimama, akavaa kofia yake.

"Dada, kupima unga nilifundishwa na Kipkemei."