Jino la Adalbert

Nilimwambia Donat twende matembezi, naye akaamini. Kaka huyu mkubwa wa mume wangu hupenda historia kuliko watu walio hai. Kumbe mkobani nilibeba jino la Adalbert, ndani ya kiberiti.

Mume wangu aling'olewa jino hilo kwenye zahanati ya mtaa wa Bel-Air, akarudi nalo nyumbani. Kwao mtu haachi jino mikononi mwa wageni, wasije wakamloga. Baadaye shimo la madini likamfunika, na mwenye shimo akaapa kwamba mle hamkuwa na mtu. Bila mwili, Donat alikataa kufungua kilio, yaani matanga. Tangu hapo mimi si mke, si mjane. Sokoni wananiuliza bwana atarudi lini. Nimechoka jamani.

Tulianzia kwenye boma la zamani la Wabelgiji. Donat akapapasa kuta, akanieleza namna babu zetu walivyofungiwa humo kabla ya kupelekwa migodini, na wengi hawajulikani walikozikwa. Alisikitika kweli. Nikasema moyoni: unawalilia wa zamani, wa kwenu je?

Kisha tukafika Shilatembo, alikouawa Lumumba, kwenye ukumbusho wake. Hapo nikatoa kiberiti. Nikamkumbusha kwamba hata huyu mwili wake haukuonekana, lilirudi jino tu kutoka Ubelgiji, likawekwa kwenye jeneza, na nchi nzima ikalia.

“Yaya, mukubwa yangu, na mimi niko na jino. Unipatie kilio.”

Donat hakuligusa. “Ule, bazungu balikubali kama alikufa, Mama Syntiche. Wetu, nani alikubali? Tukizika hii, mwenye shimo atasema mambo inaisha.”

Nikakaa vumbini, miguu nimeinyoosha kama wajane wanavyokaa, nikatoa yowe nililolizuia siku zote. Wageni wakasogea. Mama mmoja akanipa kitambaa na pole, akisema shujaa alikuwa baba yetu sote. Kisha akamuuliza Donat kama sisi ni wa ukoo wa Lumumba.

Donat akamgeukia.

“Hapana, mama. Analilia bwana yake. Mudogo yangu. Alikufaka.”

Hakuwahi kulitamka neno hilo juu ya Adalbert. Akavua viatu, akakaa chini kando yangu, akanyoosha mkono apewe kiberiti.