Ndoo ya Msonobari wa Pili

Upepo ulikuwa unaitikisa misonobari yote miwili, lakini ndoo ilikuwa imetulia tuli.

Mgeni asingeona lolote hapo. Mimi nilikuwa nimeishi na ndoo ya namna ile miaka ishirini na tisa. Waya wa antena ya redio ya Oiva, mume wangu, ulianzia kwenye msonobari wa karibu na sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke, ukavuka uwanja hadi msonobari wa pili, ukingoni mwa kinamasi. Huko haukufungwa kwenye mti. Uliunganishwa na kamba iliyopita juu ya kapi, kigurudumu cha chuma, na mwisho wa kamba tukaning'iniza ndoo ya mawe. Miti ikiyumba, ndoo hupanda na kushuka, na waya haukatiki. Siku za upepo nilikuwa nikiosha vyombo dirishani huku nikiitazama ikipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala.

Siku ile kifua hakikupanda.

Kauko, jirani yetu mfugaji wa kulungu, ndiye aliyelisema kwanza. Alipita kwetu asubuhi kutoka kuwatazama kulungu wake, akaingia na baridi yake yote, akavua kofia.

"Mzee Oiva, kila siku naziona kamba zako za kuanikia nguo. Ndefu ajabu! Lakini hata soksi moja sijaiona."

"Na wewe kulungu wako wote wana mapembe," Oiva akamjibu, "sijasikia hata mmoja akipuliza."

Tukacheka. Nikammiminia Kauko kahawa. Akanywa mafunda mawili, akatazama nje.

"Hata hivyo, ndoo yenu leo imelala fofofo. Au imegoma?"

Oiva aliweka kikombe chini taratibu. Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini.

Lazima nieleze kwa nini dakika zilikuwa na thamani. Desemba, kwetu huku kaskazini ya mbali, jua halichomozi. Saa sita mchana mwanga wa samawati hutokea upande wa kusini, ukakaa kidogo, ukazimika. Mawimbi ya redio aliyoyapenda Oiva, yale marefu kuliko yote, hayaendi mbali penye jua. Lakini katika mwanga ule, kwa dakika kama ishirini hivi, huvuka ncha ya dunia na kufika Pasifiki. Kundi la watu lilikuwa limepeleka redio kwenye kisiwa kimoja huko kisichokaliwa na mtu, na kesho yake wangefunga mizigo. Oiva alitaka kuzungumza nao kwa redio, naye alikuwa na miaka sabini na mbili. Kundi la mwisho kabla ya hilo lilikwenda wakati binti yetu Tuire hajaanza shule.

"Kapi limeganda," alisema akivaa buti. "Waya ukikatika leo, basi tena. Raili, twende."

Kauko alijitolea kusaidia. Oiva akamwambia akanywe kahawa kwake, kulungu wanamsubiri. Pikipiki yake ya theluji ikanguruma, ikapotelea barabarani.

Sasa nirudi nyuma, Septemba. Ndoo ya zamani ilikuwa imepasuka, nikamletea nyingine kutoka ghalani, ya plastiki, niliyokuwa nikitilia matunda ya msituni. Oiva alikuwa juu ya ngazi. Ndoo ya antena hutobolewa chini, matundu sita, maji ya mvua yapate kutoka. Aliuliza, "Umeitoboa?" Nilikuwa nimeacha sufuria ya jamu jikoni inachemka, naisikia harufu yake mpaka pale. Nikasema, "Nimeitoboa, vuta bwana, jamu inaungua." Nilikusudia kumwambia jioni kwamba sikuwa nimeitoboa. Jioni tulikula mkate kwa jamu mpya, akaisifu, nami nikasahau. Oktoba ile mvua ilinyesha wiki tatu mfululizo, kisha baridi ikaingia usiku mmoja.

Nilikumbuka njiani. Nalisema hili kwa sababu hakuna anayelijua. Tulikuwa katikati ya uwanja, yeye mbele na ule ufito wake mrefu wa kugongea barafu, mimi nikikanyaga katika nyayo zake, na matundu yale sita yakanijia akilini, na maji yote ya mvua yaliyoganda humo ndani. Nikafungua kinywa. Nikaona mgongo wake, haraka yake, furaha yake. Nikawaza kwamba nikimwambia sasa kuwa nilimdanganya, atakasirika na kisiwa kitampita. Nikasema moyoni, nitamwambia tukirudi ndani.

Mlangoni mwa ghala aliandika kwa mkono wake mwenyewe, zamani: *Chini ya ndoo hasimami mtu.* Ndoo ikikwama, unafunga kamba ndefu, unavuta ukiwa mbali, pembeni. Kazi hiyo ni ya nusu saa. Oiva alitazama saa yake, akatazama kusini, akaenda kusimama chini ya ndoo.

"Oiva!"

"Kilo kumi za mawe tu zile, mama. Zitashuka pole pole." Kisha akageuka. "Wewe rudi nyuma. Nyuma zaidi. Hapo."

Akagonga kamba mara mbili kule juu. Mara ya tatu barafu ikaachia, na kamba ikakimbia. Mshikio wa plastiki wa ndoo ulikatika kwa sauti ndogo, kama mtu anayevunja kijiti.

Polisi waliandika kwamba ni ajali ya baridi. Rafiki zake wa redio walikuja kuteremsha waya, wakasema plastiki haifai kwenye baridi ya digrii ishirini na sita chini ya sifuri. Wote walisema kweli. Barafu iliyoijaza ndoo ilikuwa imetapakaa pamoja na mawe, lakini theluji ilikuwa inaanguka, na hakuna aliyeuliza.

Tuire peke yake aliuliza. Baada ya mazishi alikaa nami jikoni, akanishika mkono. "Mama, baba alikosea vipi? Yeye aliyekuwa mwangalifu hivyo?"

Nikamjibu, "Haraka, mwanangu."

Tangu siku hiyo amekuwa akimkasirikia baba yake. Hawashi mshumaa kaburini. Anasema alituacha kwa ajili ya kisiwa. Miaka minne sasa namsikia akisema hivyo kwenye simu, nami nanyamaza, na kila nikinyamaza Oiva anazikwa tena.

Kwa hiyo nimeandika. Atakuja Pasaka kutoka mji wa Oulu, peke yake. Nitampa karatasi hizi baada ya kahawa, nami nitatoka nje ili asome bila kuniona usoni.

Akitaka kuondoka papo hapo, basi la kurudi mjini hupita njia panda saa tisa alasiri, hata siku za sikukuu. Nimeuliza.